Kabichi Zangu na Jumatatu ya Mama Kabula

Nyahanga, Jumatano, 8 Julai 1953

…na jambo la tatu linalonifanya nimchukie jirani yetu Mama Kabula, ambalo jana sikulimaliza kwa sababu Maganga alirudi nami nikatupa kalamu kumkimbilia, ni kicheko chake. Hacheki kwa mdomo kama watu. Hucheka kwa mabega. Mdomo umefungwa, uso una huruma, mabega yanapanda na kushuka.

Leo kumekucha na baridi ya Julai na vumbi. Upepo unatoka mbugani na kupita katikati ya mabua ya mtama, au tuseme yaliyobaki ya mabua, na kila kitu ndani ya nyumba kina unga mwekundu, hadi mto wa Maganga. Nimeukung'uta mara mbili. Nimeunusa mara tatu.

Nina furaha na nina hasira, na zote mbili zimenijaa pomoni.

Furaha ni Maganga. Miezi minne tangu harusi, bado nikisikia kengele ya baiskeli yake inakuja kutoka shuleni nahisi kama nimemeza njiwa. Hasira ni kabichi.

Ngoja nieleze vizuri, daftari langu, maana Jumamosi niliandika huku nalia na ukurasa ule hausomeki.

Siku nilipopelekwa kwa wakwe kule Segese, mama mkwe alinishika mikono mbele ya wanawake wote wa ukoo. Akaigeuza juu chini kama mtu anayekagua viazi sokoni. Akasema, "Mikono hii imeshika kalamu tu. Mwanangu atakula wino?" Wanawake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao huku nimeinamisha kichwa, kama inavyompasa bibi arusi. Lakini moyoni nilichomeka. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, mavuno yakiisha nitakuletea kabichi niliyoilima mwenyewe." Akasema, "Tutaona."

Hilo "tutaona" ndilo nililolilimia msimu mzima.

Mbegu zilitoka Tabora, kwa rafiki yangu niliyesoma naye. Bustani nikaikata chini ya nyumba, pale udongo unapoanza kuwa mweusi, pembeni ya shamba la mtama: kabichi, nyanya, vitunguu na kunde za kuanika majani. Mvua zilipokatika Maganga akawa anateka maji kisimani jioni, madebe mawili juu ya baiskeli, anasukuma, maji yanamlowesha suruali ya kazi. Mwalimu mzima, na wanafunzi wake wanamwona. Alimimina kwa kopo, shina moja moja, nami namfuata nyuma nikitengeneza udongo, na tukifika mwisho wa tuta tulikuwa tumesahau kilichotupeleka. Kabichi zilipoanza kujifunga alisema zinafanana na mimi ninaponuna: jani juu ya jani, na moyo umefichwa katikati.

Zilikuwa kumi na tisa. Watu walipita kuziangalia. Mzee mmoja aliuliza kama zinatagwa.

Sasa sikiliza desturi ya hapa. Mavuno yakiisha, mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji, hutaja siku ya kufungulia mabua. Kabla ya siku hiyo, ng'ombe akiingia shambani kwako ni kesi, na mwenye ng'ombe analipa. Kuanzia siku hiyo mashamba yote ni malisho, ya tajiri na ya maskini, na ulichokiacha umewaachia ng'ombe. Hakuna kulalamika. Ni desturi nzuri, hata mimi naisifu. Ila siku yenyewe haiandikwi popote. Inatembea kwa midomo, kutoka kisimani hadi kisimani, na kila mtu anahakikisha jirani yake ameipata.

Mimi nimekulia Tabora mjini, kwenye nyumba za reli. Sikujua. Nilisikia tu wanawake wakisema "kufungulia" na "kufungulia," basi nikamwuliza jirani aliye karibu kuliko wote, ambaye zizi lake na nyumba yetu vimetenganishwa na ua wa minyaa.

"Usiwe na haraka, bibi arusi," Mama Kabula aliniambia, mkono begani kwangu. "Ng'ombe wanaingia Jumatatu. Acha kabichi zako zinenepe."

Nikaziacha zinenepe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua mashati ya Maganga. Nikasikia kengele za ng'ombe karibu mno. Nilipofika, ng'ombe wake walikuwa wa kwanza kuingia, na yule dume mwenye pembe moja alikuwa na kabichi nzima mdomoni, anaitafuna taratibu, macho nusu yamefumba, kama mzungu anayekula keki. Nilipiga kelele, nikarusha sabuni. Mchungaji akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, leo si siku yenyewe?"

Nilikwenda kwa mwanangwa hivyohivyo na mikono ya povu. Ni mtu mwema. Akauliza, "Binti, hukuambiwa?" Nikasema niliambiwa Jumatatu. "Na nani?" Nikamtaja, na Mama Kabula alikuwa amesimama palepale na wanawake wengine, ameleta mtama wa akiba.

Akasema, "Mke wa mwalimu ana kalenda ukutani. Sikudhani anahitaji kuambiwa siku na mtu kama mimi."

Na mabega yakaanza.

Wote wakacheka. Mwanangwa mwenyewe alijifuta pua ili asicheke. Desturi ni desturi, akasema, na mwakani utajua.

Sababu naijua, kila mtu anaijua. Kabla sijaja, Mama Kabula alikuwa akimpelekea Maganga uji na michembe ya viazi vikavu, mwalimu kapera masikini wa Mungu, na aliyebeba bakuli ni mdogo wake wa kike wa tumbo moja. Bakuli lilikwenda mwaka mzima. Halafu Maganga akaenda Tabora kwenye mafunzo ya likizo, akanikuta mimi. Je, ni kosa langu kwamba alinikuta?

Maganga alinifuta machozi kwa mkono wa shati, akasema, "Ng'ombe hawajui kusoma, Milembe, wala hawajui kwamba ni bustani ya mapenzi." Nikacheka. Nilicheka kwa ajili yake tu.

Basi leo niliamka na nia ya kuimaliza ile bustani. Siwezi kuiangalia kila siku imekaa vile kama mdomo uliong'olewa meno. Niling'oa miti ya kuegemezea nyanya, nikaifunga kwa kamba ya mkonge kwa ajili ya mwakani. Mashina yenye ukungu nikayachoma mbali. Nyanya mbichi zilizosalia nikazifukia kwenye majivu makavu ndani ya chungu, zitaiva polepole. Zile mbili nzuri kupita zote nikazipasua, nikazipaka mbegu zake kwenye karatasi ya daftari na kuziweka kivulini. Majani ya kunde yalikwisha kuchemshwa na kuanikwa tangu wiki iliyopita, hayo ng'ombe hawakuyapata, wala vitunguu. Vitunguu nilivivuna mapema kwa bahati. Nimevisuka mikia mikungu minne, vinaning'inia jikoni, vyekundu, vinang'aa.

Na kabichi ilibaki moja. Ndogo, kama ngumi mbili. Nilikuwa nimeifunika kwa tenga kwa sababu ya kuku, na ng'ombe hawakulipindua tenga.

Kazi hii ya mikono ni hatari kwa mtu mwenye hasira, maana kichwa kinabaki bure. Kila kisiki cha kabichi nilichong'oa nilikiwazia adhabu. Nilifikiria kufungua zizi lake. Nilifikiria pilipili. Nilifikiria kuanika nguo zangu za harusi juu ya ua wa minyaa, upande wa kwake, kila siku mpaka Krismasi. Nilifikiria kuwa na watoto wengi wazuri wenye akili na kuwafundisha wampite bila shikamoo.

Naungama kwamba nilifurahi sana.

Ndipo akaja mwenyewe.

Alikuja na barua. Mume wake, Baba Kabula, anachimba dhahabu upande wa Geita, huja nyumbani mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, na tunaomsomea mkewe barua zake ni Maganga au mimi. Hakuna mwingine karibu. Nilidhani baada ya Jumamosi angeona haya. Hakuona. Alisimama mwisho wa tuta, bahasha ameishika kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, bibi arusi. Naona unafunga bustani."

"Shikamoo, Mama Kabula. Imefungwa na wengine, mimi nafagia tu."

Mabega yakatikisika kidogo. "Nisomee, mwanangu. Imeletwa na utingo wa lori sasa hivi, ina harufu yake."

Nikafuta mikono. Nikafungua. Barua ilikuwa fupi, mwandiko wa karani fulani wa huko: *Mke wangu mpenzi, mimi mzima, kifua tu kinanisumbua kwa vumbi. Nitafika nyumbani Jumamosi hii kwa lori la pamba. Nitakaa wiki mbili. Nimekukumbuka wewe na watoto. Nimekununulia kanga ya rangi uliyosema.*

Nilisoma yote kwa sauti, neno kwa neno. Nilipofika kwenye siku, ulimi wangu ulisimama kidogo tu, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Nitafika nyumbani Jumatatu," nikasoma.

Ilikuwa rahisi hivyo.

Alifunika uso kwa kanga. Mwanamke mwenye binti wa kuolewa, alijifunika uso kama mimi siku ile Segese, na nilimsikia akicheka huko ndani, safari hii kwa mdomo, kicheko chembamba cha msichana. Akarudia peke yake, "Rangi uliyosema. Kumbe alikumbuka." Halafu akaanza kupanga kwa sauti, huku anahesabu vidole: kimea anacho, pombe inataka siku tatu, basi ataipika Ijumaa ili iive Jumatatu, nyumba ataikandika Jumapili, kuku atamfungia Jumamosi.

Mimi nilikuwa nahesabu pia. Jumamosi mume wake atashuka kwenye lori na kiu ya mwaka mzima, atakuta ukuta una nyufa, mke yuko shambani na majivu kichwani, na ndani ya mtungi pombe changa ya siku moja, tamu kama togwa. Atapewa hiyo, na atainywa kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Na wanawake walewale watakuwa wamesimama palepale.

Siku kwa siku. Jumatatu yake kwa Jumatatu yangu.

Halafu, daftari langu, huwezi kuamini alichosema. Aliangalia jikoni kwetu, mlango ulikuwa wazi, akasema, "Una vitunguu vizuri. Mume wangu hali nyama bila kachumbari. Utanipa mkungu mmoja?"

Nikamwekea mkono begani.

"Usiwe na haraka, mama," nikasema. "Njoo Jumatatu."

Alinishukuru. Alinibariki tumbo. Alitaka kuondoka na barua, akasema jioni atampa mwalimu amsomee tena lile neno la kanga, na hapo nikaibana barua kwapani. Nikamwambia aniache nayo niandike majibu. Akaniachia bila kufikiri. Akaenda zake akiimba, na nilimsikia hata alipopita nyuma ya minyaa.

Nikarudi kwenye visiki vyangu. Vilikuwa vimebaki sita, nikaving'oa vyote bila kuwaza adhabu yoyote, kwa sababu adhabu ilikwisha kupatikana. Ilikuwa tamu. Sitasema uongo humu, nimesema wa kutosha leo. Ilikuwa tamu kama asali ya kwanza, ile inayokwama kooni kidogo.

Maganga alirudi saa kumi. Nikamkimbilia kama kawaida, akaninyanyua kama kawaida, akasema nanuka moshi na nyanya na kwamba hakuna manukato ya Mhindi yanayofikia hapo. Nampenda mpaka naogopa. Akaingia ndani kutafuta penseli nyekundu ya kusahihishia, akafunua daftari hili, hasomi humu, ni mwungwana, lakini barua ilidondoka. Bahasha aliijua, huwa anazisoma.

"Baba Kabula anakuja," akaita kutoka ndani, kwa furaha. "Jumamosi hii. Mama Kabula amejua?"

Nilikuwa mlangoni na sahani ya viazi vikavu, matobolwa. Nilisema amejua. Nilisema amejua ni Jumatatu.

Alitoka akanitazama. Alisoma tena barua, kisha akanisoma mimi.

"Hapa pameandikwa Jumamosi, Milembe."

"Najua."

"Ulikosea kusoma?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeniamini, na ndicho kilichonishinda. "Sikukosea."

Hakupandisha sauti. Maganga hapandishi sauti hata kwa darasa la kwanza. Alikaa kwenye kigoda, akaikunja barua kama ilivyokuwa, akasema, "Mtu asiyejua kusoma akikupa barua yake, amekupa mtoto wake umshike. Hata kama hampatani. Humwangushi."

Nikasema, "Na yeye aliponipa siku yake? Mimi niliyekuwa sijui? Hakuniangusha?"

Nilikuwa na haki, na nilikuwa na kosa, vyote viwili ndani ya gauni moja.

"Alikuangusha," akasema. "Vibaya sana. Nilibeba maji yale mimi pia." Akasimama, akachukua madebe yake. "Lakini Baba Kabula hakukufanya kitu. Ana kifua. Nenda ukamwambie mkewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nilifikiri. Jua lilikuwa bado juu, minyaa inaanza kurefusha kivuli, na upande wa pili nilisikia ufagio wake ukifanya kazi na wimbo uleule wa kipuuzi.

"Ijumaa jioni," nikasema.

Alisimama na baiskeli mkononi. Na yeye anajua siku za pombe, mtoto wa Segese huyu. Nilimwona anahesabu. Ijumaa jioni: nyumba itafagiwa, kuku atakamatwa kwa tochi na mbio, watoto wataogeshwa. Lakini pombe haitaiva kwa kuombewa. Atapata mume wake, hatapata sherehe yake.

Alitaka kukasirika. Nilimwona akijitahidi kwa kweli. Kisha akageuza uso kuangalia barabara, na mabega yake, mabega ya mume wangu mpenzi, yakapanda na kushuka mara moja.

Amekwenda kisimani. Tumekwisha kufunga bustani, hatuna haja ya maji mengi hivyo, lakini amechukua madebe yote mawili.

Kwa hiyo hii ndiyo ndoa. Leo tumegombana kwa mara ya kwanza na nimeshindwa na nimeshinda. Nitamwambia Ijumaa, nimeahidi, nami nitamrudishia barua mkononi na kumsomea upya, kila neno mahali pake, hata lile la kanga mara mbili akitaka. Nitampa na vitunguu pia. Vitatu. Mkungu mzima hapana. Kama atauliza kwa nini nilisoma vile, nitamwambia nina kalenda ukutani lakini sikuitazama.

Sijatubu, daftari. Au nimetubu robo. Padri akija tutaongea naye habari ya hiyo robo.

Mikungu mitatu inayobaki, na majani ya kunde, na nyanya zitakapoiva kwenye majivu, na ile kabichi moja kama ngumi mbili niliyoihamishia chini ya kitanda ndani ya tenga lake, vyote ni vya mama mkwe. Nimekwisha kumwandikia leo, Maganga atampa mtu wa lori. Nimeandika: Mayu, mikono imepasuka, njoo uione au niilete. Halafu nikafuta "njoo," maana ahadi ilikuwa yangu. Nikaandika kwamba nitakuja Segese kabla mwezi huu haujaisha, mimi mwenyewe na kapu langu kichwani.

Siku gani, simwambii mtu.